Bendera Bila Pete

Wifi yangu ukimpeleka harusini hamtazami bibi harusi, anatazama upindo wa gauni. Akiona upindo umekwenda mrama, harusi kwake imekwisha. Atakula kimyakimya kama mtu aliyefiwa, kisha ataaga mapema. Ndiyo maana kiwandani tulimwita Mama Pindo, na jina likamganda mpaka kaka yangu aliyemuoa naye akalichukua. Hata siku kaka anafariki, Mungu amrehemu, aliita Mama Pindo. Lile jina alilopewa na wazazi wake nadhani hata yeye alikuwa amelisahau.

Kiwanda chetu ni jumba refu la mabati nyuma ya ghala la serikali. Watu wakisikia tunashona bendera wanadhani tunashinda tumesimama wima huku wimbo wa taifa unapigwa. Hakuna kitu kama hicho. Kuna joto, kuna vumbi la kitambaa linalokaa puani mpaka jioni, na kuna cherehani zinazopiga kelele kama mabata. Tunashona za shule, za ofisi, za vituo vya mpakani, vibendera vya magari ya wakubwa, na za jeshi. Cherehani yangu na ya wifi zimepakana. Tumekaa hivyo miaka mingi, na kama kuna mtu anayejua anavyopumua akiwa na hasira, basi ni mimi.

Bendera yetu haina makuu. Nyekundu juu, nyeupe katikati, buluu chini, na jua dogo la manjano pembeni. Shuleni tulikaririshwa kwamba nyekundu ni damu ya waliopigania nchi, nyeupe ni amani, buluu ni anga na maji, na jua ni asubuhi mpya. Mimi niliishia la saba, lakini ghalani kulikuwa na kalenda yenye bendera za dunia nzima na maelezo yake, na nilichokiona ni kwamba karibu kila nchi yenye nyekundu inasema ni damu. Hakuna iliyokiri kwamba iliipenda tu hiyo rangi. Sisi wa cherehani nyekundu tunaijua kwa tabia nyingine. Inachuja. Ukiilowesha kabla haijatulia, inashukia nyeupe, na amani yote inakuwa rangi ya waridi.

Mambo mengine ya bendera tuliambiwa na Mzee Saluti, mlinzi wa ghala, sajini mstaafu aliyekuwa akipiga saluti hata kwa mtungi wa kuzimia moto. Alisema zamani bendera vitani haikuwa pambo. Moshi na vumbi vilipotanda, askari hakumwona mkubwa wake wala mwenzake, basi alinyanyua macho kutafuta kitambaa. Kilipo, ndipo kwao. Kikianguka, hajui tena akimbilie wapi. Ndiyo sababu mpaka leo kila kikosi kina bendera yake ya hariri, yenye matamvua ya dhahabu na majina ya vita kilivyopigana, na siku ya gwaride anayeibeba habebi bunduki. Wenzake ndio wanaomlinda.

Alituambia pia habari ya nusu mlingoti. Bendera ya msiba haipandishwi nusu moja kwa moja. Inafikishwa kwanza mpaka juu kabisa, kisha inateremshwa, ili juu yake ibaki nafasi ya bendera nyingine isiyoonekana. Nikamuuliza hiyo nyingine ni ya nani. Akasema wazee wa bahari wanadai ni ya kifo. Nikamwambia kifo nacho kitafute fundi wake, sisi kazi zimetujaa. Siku hiyo tulicheka mpaka wifi akajichoma sindano.

Sasa kuna aina moja ambayo kiwandani hatuitaji kwa jina. Bendera ya kawaida ina utepe mgumu wa turubai upande wa mlingoti, na kwenye utepe tunatia pete za chuma za kupitishia kamba. Ya kufunika jeneza la askari haina utepe wala pete, kwa kuwa haipandishwi popote. Ni kubwa, na inapindwa pande zote nne. Sisi tunaiita "bila pete", basi. Ikiagizwa, redio inazimwa, watu wanashona bila soga, na hakuna anayeuliza ni ya nani. Mara nyingi ilikuwa moja moja, ya mstaafu fulani aliyekufa kitandani kwake, na baada ya kuimaliza redio iliwashwa tukaendelea kusengenyana.

Wifi na kaka walijaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume, na huyo tulimwita Mlingoti. Alikuwa mrefu tangu anazaliwa. Mama yake alimfumulia upindo wa suruali kila muhula mpaka upindo ukaisha, akaanza kuunga vitambaa. Mtoto akawa anakwenda shule na suruali ya ghorofa mbili. Akikuamkia inabidi uinue uso kumjibu, nami nilikuwa namwambia akae kwanza chini, mimi shangazi yake siwezi kupokea shikamoo kutoka angani. Jeshini walimchukua kwa urefu huohuo, na haukupita muda wakampa bendera ya kikosi aibebe kwenye gwaride.

Tulikwenda kumwona. Mimi nililia, nasema ukweli. Mtoto amenyooka, glavu nyeupe, hariri inapepea juu ya kichwa chake, na matamvua yale aliyashona mama yake kwa mkono. Baadaye alinivuta pembeni akaniuliza, "Shangazi, mama aliniona?"

Nikamwambia alimwona, na alisema tamvua la kushoto limelegea.

Alicheka mpaka kofia ikamteleza. Kisha akaenda kumkumbatia mama yake, akalazimika kujikunja kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

Kikosi chake kikapelekwa nchi jirani kulinda amani. Mzee Saluti alitueleza kwamba bendera ya kikosi siku hizi haiendi vitani. Inabaki kambini ndani ya kabati la kioo, anakwenda aliyekuwa anaibeba. Mlingoti alikuwa akipiga simu Jumapili, anauliza habari za nyumbani, anasema chakula si kibaya na vitanda ni vifupi. Halafu Jumapili moja hakupiga. Tukasema mtandao. Iliyofuata, mama yake alimpigia yeye, na simu haikupatikana.

Katikati ya wiki hiyo Mzee Saluti aliingia kiwandani asubuhi, akasimama mlangoni, hakumpigia saluti mtu yeyote. Akasema kuna kazi ya haraka, bila pete. Akataja idadi. Haikuwa moja.

Redio ilizimwa. Hata sijui na nani. Nilisikia tu cherehani zikinyamaza moja baada ya nyingine, na katika ule ukimya wifi akauliza swali ambalo kwetu haliulizwi.

"Za kikosi gani?"

Mzee alitazama sakafu. "Mama Pindo, kata kitambaa."

Alikata. Mtu wa nje angedhani hajaguswa. Mkasi wake ulikwenda sawa, mstari haukupinda. Mimi ndiye niliyeharibu kona mbili nikafumua. Nilimsogelea nikamnong'oneza kwamba vikosi viko vingi, kwamba huko kuna askari wa kila nchi, kwamba angekuwa yeye tungekwisha kuambiwa. Aliniacha niseme mpaka maneno yakaniishia mwenyewe. Kisha akaomba nimpishe mwanga.

Tulishona mpaka jioni, na kesho yake pia. Mzee Saluti alipokuja kuzipokea alizipitisha mkononi moja moja, akipapasa pindo kama mtu anayetafuta mshipa. Alipofika kwenye ya mwisho ya wifi, mkono ukasimama. Bendera ilikuwa na utepe wa turubai, na kwenye utepe pete zimegongwa zote, zinang'aa.

Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba amekosea.

"Sijakosea," wifi akasema. "Hii itapandishwa."

Mzee wa watu alizungusha macho kwetu kama anaomba msaada. Sote tulikuwa tumepata cha kufanya na nyuzi zetu. Mwishowe akasema, "Toa pete, Mama Pindo. Usinifanye niseme ni amri."

Akazitoa. Nilimshikia kitambaa akibandua pete kwa koleo, akafumua utepe, akaziba matundu kwa uzi uleule, akapinda upya. Yeye ndiye fundi bora tuliyekuwa naye, lakini kitambaa kilichotobolewa kimetobolewa. Pale palipokuwa na pete palibaki alama, kama kovu la chanjo begani. Mzee Saluti aliiona. Aliiweka chini kabisa ya fungu, ili itumike mwisho.

Ijumaa redio ikatangaza kwamba askari wetu walishambuliwa. Majina hayatatajwa mpaka familia zote zijulishwe. Wifi aliiweka simu kwenye chaji ilhali imejaa. Akaitoa, akaipangusa, akairudisha. Wanawake wawili mtaani kwetu wenye watoto kikosi kile walipigiwa. Yeye hakupigiwa, na kwa siku nzima sikujua kama hilo ni jema au ni baya. Yeye naye hakujua, na kumwona hajui ndiko kulikoniumiza, maana wifi ni mtu wa kujua.

Tukaenda kambini. Tuliwekwa kwenye benchi nje ya lango, mahali ambapo unaliona lile kabati la kioo kwa mbali ukumbini, na bendera imesimama ndani yake imetulia, haina habari. Baada ya muda mrefu alitoka afisa kijana, kofia ameibana kwapani, heshima zote. Alituamkia vizuri. Akamwambia wifi kwamba mwanawe bado hajapatikana.

Wifi akamuuliza, "Hajapatikana akiwa hai, au hajapatikana akiwa amekufa?"

"Hajapatikana, mama."

"Nimekusikia, baba. Nakuuliza ni hajapatikana ipi?"

Kijana akaihamishia kofia kwapa la pili. Nilitaka kumchukia, lakini shati lake lilikuwa limemlowa mgongoni, naye pengine alikuwa na mama yake mahali. Akasema wakipata taarifa yoyote watapiga. Mpaka leo wanasema hivyohivyo, wanabadilisha tu msemaji.

Majeneza yaliletwa kwa ndege. Tuliangalia kwa jirani kwenye televisheni, maana ya kwetu iliharibika na hatukuwa na moyo wa kuipeleka kwa fundi. Yalipangwa kwenye uwanja wa gwaride, kila moja limefunikwa, na jua la manjano limekaa upande wa kichwa kama inavyotakiwa. Watu chumbani walilia. Wifi alisogea mpaka karibu na kioo. Alikuwa anatazama pindo. Akaninyooshea moja, akasema ile ni yako, kona umeikunja ovyo. Kisha akaanza kuhesabu majeneza kwa kidole. Akahesabu tena. Yalikuwa pungufu ya bendera tulizoshona, kwa moja.

Kabla ya kuzika, askari walizikunja zile bendera wakawakabidhi akina mama. Mmoja hakujua aishikeje, akaiweka kifuani kama anayenyonyesha. Wifi alizima televisheni ya watu na kuondoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata Mzee Saluti alileta bendera iliyokunjwa, akaiweka mezani kwa wifi. Akasema imebaki, itiwe pete, idara ya maji wanangojea, ya kwao imechakaa. Hatukuhitaji kuikunjua yote. Makovu yalikuwa pembeni, mahali pale pale.

"Ilikuwa ya nani?" wifi akauliza.

"Labda ilikuwa ya akiba."

"Mzee wangu, jeshi huagiza akiba ya hiyo?"

Mkono wa mzee ulianza kupanda kama unakwenda kwenye saluti, ukaishia kukuna sikio. Akatoka.

Wifi alifumua zile nyuzi za kuzibia, akashona utepe, akarudisha pete kwenye matundu yale yale. Hakuhitaji kutoboa upya.

Nyumbani huku ndugu walikuwa wameanza. Kaka yetu mwingine, mkubwa wa marehemu, alikuja na wajumbe wake, akaeleza kwa utaratibu kwamba jambo hili lifikie mwisho, watu wakae msiba, walie, waanue matanga, maisha yaendelee. Dada yetu mwingine akasema tusithubutu, mtoto yuko hai, ameota yuko mahali penye mahindi. Walibishana sebuleni kwa wifi, na yeye akawapa chai. Si kwamba hakuwa na la kusema. Aliniambia baadaye, tukiosha vikombe, kwamba akimlilia naye yuko hai atakuwa amemzika kwa mikono yake, na asipomlilia naye amekufa atakuwa amemwacha mlangoni amesimama. Akaniuliza mimi ningefanyaje. Mimi nina mdomo, kila mtu anajua, nina jibu la konda, la mpangaji na la mganga. Nikafuta vikombe.

Idara ya maji iko njiani tunapokwenda kazini. Tangu bendera ile ilipofika, wifi akawa anatoka mapema, anasimama kwenye uzio mpaka ipandishwe. Aliyekuwa akiipandisha ni tarishi, mtu mnene wa kandambili, kamba mkono mmoja na mkate mkono wa pili. Siku ya kwanza aliiacha ncha iguse ardhi. Wifi alimwita uzioni, akamwambia hicho anachokiburuza si tambara la kupigia deki, na kama mikono haimtoshi aweke mkate chini. Tarishi alidhani huyu ni mkaguzi kutoka makao makuu. Kesho yake tulimkuta amevaa viatu na amechomekea shati. Alipokuja kujua ni fundi tu wa cherehani, alikuwa amekwisha mzoea, akaendelea na viatu.

Ukaja msimu wa upepo. Bendera inaanza kufa upande wa mbali na mlingoti, ule unaopigapiga. Nyuzi zinaachia, zinakuwa kama ndevu, kisha inachanika. Sheria tunaijua: bendera iliyochanika haitiwi kiraka, haifanywi tambara. Inateremshwa, inachomwa faraghani kwa heshima, na inaagizwa mpya. Tarishi akatuambia mkubwa wake amekwisha sema ichomwe Ijumaa.

Ijumaa wifi hakusimama uzioni. Aliingia, na mimi nyuma yake. Alimwomba tarishi bendera, akaketi kwenye ngazi za ofisi, akatoa mkasi na uzi mkobani. Akakata ile sehemu yenye ndevu, mstari mmoja mnyoofu kutoka juu hadi chini, akaanza kupinda. Mkubwa alitoka nje na miwani yake, akasema kwa upole kwamba utaratibu ni kuchoma.

"Ikichanika," wifi akasema. "Onyesha palipochanika."

Mkubwa aliinama, akatazama ule upindo mpya. Kwa kweli hapakuwa na pa kuonyesha. Akanitazama mimi. Nikamwambia tu kwamba ni shughuli ya kifamilia, nikaona aibu kwa kuwa sauti ilinitoka nyembamba. Alirudi ndani akafunga mlango taratibu.

Basi ndivyo inavyokwenda tangu hapo. Upepo unakula, wifi anakata, anapinda. Upande wenye pete uko vilevile, ule wa mbali unarudi nyuma. Bendera inafupika. Ilikuwa imelala kama mkeka, sasa inakaribia kuwa ya mraba, na jua linaonekana limekua kwa sababu kitambaa kimepungua. Siku moja atapita mtu mwenye futi na ataitisha maelezo. Nimewahi kumuuliza wifi atafanyaje kitakapobaki utepe na pete zake. Alikata uzi kwa meno, akampa tarishi aipandishe. Sijauliza tena.

Juzi ilikuwa kumbukumbu ya wale askari, na amri ilitolewa bendera zote nusu mlingoti. Tarishi aliifikisha juu kabisa, kama wifi alivyomfundisha, kisha akaanza kuiteremsha.

"Iache huko juu," wifi akamwambia.

"Mama yangu, ni amri. Nitafukuzwa kazi."

Wifi hakubishana. Nilitegemea abishane, nilikuwa nimejiandaa kumsaidia. Alitazama tu kamba ikishuka mpaka nusu, tarishi akaifunga. Kile kitambaa kifupi kilining'inia pale, na nafasi iliyobaki juu yake ilikuwa kubwa kuliko chenyewe. Wifi aliitazama hiyo nafasi mpaka jicho likaanza kumtoka maji kwa mwanga. Kisha akasema twende, tumechelewa.

Tulipofika kiwandani redio ilikuwa imezimwa. Wenzetu walikuwa wameinamia kazi zao na hakuna aliyenyanyua uso. Mzee Saluti alisimama karibu na cherehani yetu, kofia mkononi.

"Bila pete," akasema. "Moja."

Inaweza kuwa ya mkubwa mmoja mstaafu ambaye tulisikia hali yake ni mbaya hospitalini. Inaweza kuwa wamepiga simu wakati tuko njiani, na simu ya wifi iko nyumbani kwenye chaji. Nilimtazama mzee usoni nione kama anajua, na naapa hata yeye hajui, ametumwa tu.

Safari hii wifi hakuuliza ya nani. Aliketi, akavaa miwani, akavuta kitambaa chekundu akakinyoosha mezani kwa kiganja. Akaniambia nimpishe mwanga. Nikampisha.